Yule tembo alitoka? Niliyoongea Dodoma kuhusu visiwa vya Faroe

Wengi mlioshindwa kufika Jumamosi mmenitumia meseji mnataka nilichoongea pale ukumbini. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu, nimekaa usiku nimeandika yote kama yalivyotoka mdomoni, zile picha za ukutani nimeziacha. Haya.

Mbukwenyi! ... Hapana, hiyo sauti ya watu wenye njaa. Mbukwenyi! Naam, sasa hapo nimesikia.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Walimu, madereva, vijana mnaotembeza wageni, na nyie wanafunzi mliojaa kule nyuma mpaka mlangoni, hamjambo? Mimi wengi mnanijua, Mrangi wa Kolo niliyeolewa kwa Wagogo, kazi yangu kupandisha wageni kwenye mapango ya michoro kule Kondoa, miaka sasa. Nimeitwa niwaeleze safari yangu ya visiwa vya Faroe, na nimekubali kwa sababu kuna swali nililoulizwa kule na bibi mmoja, swali dogo tu, mpaka leo halijaniacha nilale vizuri. Nitalifikia.

Kwanza, nani humu anajua Faroe iko wapi? Nyoosha mkono. Eee, wawili, watatu... wewe unamtazama jirani yako. Hakuna neno, na mimi nilikuwa hivyohivyo. Chukua ramani, tafuta Uskoti, tafuta Iceland, katikati pale baharini utaona vidoa kama mtu kamwaga chai. Ndo wenyewe. Visiwa 18, ukivijumlisha vyote ni kama kilomita za mraba 1,400, yaani mkoa wetu huu wa Dodoma unavimeza karibu mara 30. Watu wake ni kama elfu 54. Kondoo kama elfu 70! Na jina lenyewe Føroyar wenyewe wanasema maana yake ni visiwa vya kondoo. Viko chini ya ufalme wa Denmark lakini tangu 1948 wanajitawala mambo yao ya ndani, wana Bunge lao, wana lugha yao.

Nilifikaje huko? Mdogo wangu kaolewa Denmark, na mumewe kwao hasa ni Faroe, kisiwa kinaitwa Kalsoy, mama yake bado anaishi huko. Basi wakanialika mwezi wa saba. Hapa nisimame kidogo kwa anayefikiria kwenda, sikiliza hili vizuri: viza ya Denmark peke yake haitoshi, lazima iwe imeandikwa kabisa kwamba inafaa na Faroe, maana Faroe haimo kwenye Umoja wa Ulaya wala kwenye ile viza ya pamoja ya Ulaya. Mimi ofisi iliyonishughulikia haikuandika. Nimegundua siku nane kabla ya safari, nimekaa kitandani nimefungua pasi naisoma tu kwa furaha, nashangaa ile sentensi haipo. Nililia jamani. Ikabidi irudishwe, ikarudi imebaki siku mbili. Kwa hiyo isome viza yako siku unayopewa, usisubiri kuifurahia.

Sasa mnaangalia zile picha za kwenye simu, si ndio? Majani ya kijani, magenge yanakatika moja kwa moja hadi baharini, nyumba zimeezekwa nyasi hai zinaota juu ya paa, maporomoko ya maji yanadondokea kwenye bahari. Ni kweli vyote vipo. Lakini mimi siku tatu za kwanza sijaviona! Ndege imezunguka juu ya kisiwa cha Vágar, inazunguka, chini ni weupe mtupu kama uji. Mara tukashuka ghafla, nikaona mlima upande wa dirisha langu, karibu kabisa, nikafumba macho. Tukatua. Ule uwanja walijenga wanajeshi wa Uingereza kwenye Vita vya Pili vya Dunia, waliingia 1940, na hao wanajeshi ndo waliiita nchi ile Nchi ya Labda. Labda! Kwa sababu kila walichouliza walijibiwa kanska, ndo labda kwa Kifaroe. Boti itakuja kesho? Kanska. Ndege itaruka? Kanska. Na sio uvivu, ni hali ya hewa, mvua inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, ukungu unashuka wakati wowote hata kiangazi, wana neno lake mjørki, ukitamka kama unakohoa hivi.

Niwaulize wakulima waliomo humu. Nchi ya labda mnaijua au hamuijui? Mwezi wa kumi na mbili umeshapanda uwele, umekaa mlangoni unaangalia mawingu upande wa mashariki, jirani anapita anauliza, mwaka huu itanyesha? Unajibu nini? Labda. Mimi nilivyosikia neno lile kule nikajisemea hawa ni ndugu zetu kabisa, wao maji yamezidi sisi yamepungua lakini neno ni moja.

Sasa hapo nikaanza kujiuliza. Nchi haionekani, mbali, ghali, baridi mwezi wa saba nimevaa makoti mawili, na bado wageni wanakuja. Wanakuja kuona nini kwenye ukungu?

Nikapata jibu Kalsoy. Unatoka mji unaitwa Klaksvík kwa feri, dakika kama 20, halafu kisiwani kuna barabara moja inapita kwenye mahandaki waliyotoboa milimani, membamba ya gari moja, giza, mkikutana na gari mwenzio mmoja anajibana pembeni kwenye kinafasi. Kisiwa kizima vijiji vinne tu. Kwa mahandaki hawa watu msiseme, kuna moja limefunguliwa Desemba 2020 linapita chini ya bahari kilomita 11 na katikati kuna kipilefti. Ndio, kipilefti, kama hivi vyetu vya mjini, chini ya bahari, kina mwanga wa rangi na sanamu za chuma za watu wameshikana mikono wakicheza kukizunguka. Nitarudi kwa hao watu walioshikana mikono.

Basi tumefika kijiji cha Mikladalur, kwa bibi. Mama mkwe wa mdogo wangu, ila watoto wote wanamwita bibi na mimi nikamwita bibi. Ukungu umekaa mpaka kwenye kizingiti. Kanikaribisha jikoni, yuko anamenya viazi, mkono wake mmoja una kovu la ndoano, kisu kinazunguka kiazi ganda linatoka refu moja bila kukatika. Anaongea Kifaroe, shemeji anatafsiri Kiingereza, mdogo wangu akiona sijashika ananiongezea Kirangi. Nikamwambia bibi, nimekuja kuona kisiwa chenu lakini sikioni. Akasema kaa, nitakuonyesha.

Akaanza. Sili mnamjua? Mnyama wa baharini, mwili mnene unateleza, kichwa kama cha mbwa asiye na masikio, na macho makubwa meusi yana maji muda wote kama anataka kulia. Wazee wa kule walisema sili ni watu waliojitosa baharini kwa hiari yao. Na mara moja kwa mwaka, usiku wa 13 wa Krismasi, wanaruhusiwa kutoka, wanavua ngozi zao ufukweni, wanakuwa watu, wanacheza mpaka alfajiri. Kijana mmoja wa Mikladalur akajificha kwenye mawe kuwaona. Akamwona msichana anavua ngozi, mzuri ajabu. Akaiiba ile ngozi. Kulipopambazuka wenzie wote wamevaa wamerudi majini, yeye anahangaika, anatafuta, ananusa, anaiona ngozi mikononi mwa yule kijana. Akamlilia amrudishie. Kijana akaondoka nayo, na msichana afanyeje? Akamfuata. Ngozi ikafungiwa kwenye sanduku, ufunguo jamaa anatembea nao kwenye mkanda usiku na mchana. Wakaishi, wakazaa watoto.

Siku moja mume yuko baharini anavua samaki, anapapasa mkanda, ufunguo hamna! Akapiga kelele, jamani leo napoteza mke wangu. Wakapiga makasia. Wamefika, watoto wamekaa peke yao, kimya. Mama yao alizima moto jikoni wasije wakaungua, akaficha visu wasije wakajikata, akafungua sanduku akaenda.

Bibi alipofika hapo kwenye visu akaweka cha kwake mezani, taratibu, akakifunika kwa kitambaa. Wazee wangu, nilisisimka mwili wote. Hadithi haijaisha, kuna sehemu ya pili ngumu, wanaume wa kijiji walipanga kwenda kuwinda sili pangoni, yule mwanamke akamjia mumewe ndotoni akamwomba: ukifika, yule dume kubwa la mlangoni usiue, ni mume wangu wa baharini, na wale wawili wadogo ndani kabisa ni wanangu. Jamaa hakusikia. Waliua wote, yeye mgao wake ukawa lile dume na mikono ya wale wadogo. Jioni nyama iko chunguni, mlango ukapigwa kishindo, mwanamke akaingia amebadilika kama jini, akanusa vyungu, akalia kwa uchungu akalaani: wanaume wa Mikladalur watakufa, wengine baharini, wengine wataanguka kwenye magenge, mpaka waliokufa wafike idadi ya kushikana mikono kukizunguka kisiwa chote cha Kalsoy.

Na nyie mjue ukweli wa pale, watu wa kijiji kile wamekufa kweli baharini na kwenye magenge, vizazi kwa vizazi, wakishuka kwa kamba kutafuta mayai ya ndege, wakifuata kondoo kwenye majabali yanayoteleza. Mtu akianguka, wenzie wanasema bado idadi haijatimia.

Kisha bibi akafuta mikono, akachukua koti, tukashuka wote mpaka ufukweni. Na pale kwenye mwamba, ndani ya ukungu, amesimama mwanamke wa shaba. Sanamu, mita 2.6, waliiweka 2014, ngozi yake ya sili ameishika inamning'inia, na mwaka uliofuata wimbi kubwa la dhoruba lilimfunika kabisa lakini hakung'oka. Nilimwona miguu kwanza, kisha ukungu ukapanda nikamwona uso. Niambieni nyie, kuna picha ya kwenye simu inaweza kunifanyia vile? Mgeni aliyepita pale dakika tano bila bibi kaona chuma. Mimi niliona mtu ninayemjua.

Ndo nikaelewa. Ule ukungu haukunificha kitu, mimi ndo nilikuwa sijaambiwa.

Na kila mahali ni hivyo. Kaskazini ya kisiwa cha Eysturoy kuna majabali mawili yamesimama baharini, moja mita 71 lingine 68, wanasema ni jitu na mke wake, walitumwa kutoka Iceland waje wavivute visiwa kwa kamba wavipeleke kwao, wakahangaika usiku kucha, jua likawakuta, wakawa mawe. Mpaka leo wanaangalia kwao. Kijiji cha mwisho cha Kalsoy, Trøllanes, majitu yalikuwa yanakuja kila mwaka usiku uleule wa 13, watu wote wanahamia Mikladalur, mpaka mwaka mmoja bibi kizee hakuweza kutembea akajificha chini ya meza, majitu yakacheza mpaka akashindwa kuvumilia akaita jina la Yesu, yakatawanyika hayajarudi tena. Jabali lina jina, bonde lina jina, jina lina hadithi, na hadithi ina mwenyewe.

Tumerudi jikoni, tunakula. Kondoo aliyekaushwa kwa upepo, hapikwi wala hafukizwi moshi, wanamning'iniza miezi kwenye kibanda cha mbao zenye nafasi nafasi, upepo wa chumvi unapita ndani unafanya kazi yote. Harufu kali, ukweli lazima niseme, lakini ukitafuna taratibu inakuja ladha kama jibini. Nikawaza mlenda mkavu wa mama mkwe wangu, nao upepo na jua ndo mpishi. Bibi akaniangalia, akasema: mimi nimekupa ya kwetu. Na kwenu?

Na kwenu?

Nikasema sawa. Nikamwambia mji wetu unaitwa Dodoma. Zamani tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope, watu wakamwona wakasema Idodomia, amezama, mji ukabaki na hilo jina. Nikaona nimemaliza, nikachukua kipande cha nyama.

Bibi akangoja. Akamwuliza mwanae kitu. Shemeji akanigeukia, anauliza: yule tembo alitoka?

Wazee wangu. Sikujua.

Akaongeza: walimsaidia? Walimla? Alikuwa peke yake au na mwanae? Nani alimwona wa kwanza? Lile tope lipo bado? Bibi wa miaka zaidi ya 80 kisiwani mwisho wa dunia anamwonea huruma tembo wetu, na mimi, ninayelipwa kwa kazi ya kusimulia, nimekaa na nyama mdomoni. Najua mstari mmoja. Ule mstari wa kwenye kijitabu.

Hivi humu ndani nani anajua zaidi ya mstari mmoja? Msijibu sasa, shikeni.

Niwaambie na hili la lugha maana ndo lilinigusa kuliko magenge. Kifaroe kwa mamia ya miaka hakikuwa na maandishi yake. Kanisani Kidenmark, shuleni Kidenmark, mahakamani Kidenmark. Kuna msomi wao, Svabo, karne ya 18, alianza kuandika nyimbo zao kwa sababu aliona lugha inakufa, akaandika kama mtu anayemwekea marehemu kumbukumbu. Maandishi yanayotumika leo alitengeneza Hammershaimb mwaka 1846. Na shuleni Kifaroe kimekuja kupewa nafasi sawa 1938, juzi tu hapa, kuna wazee humu wamezaliwa kabla. Sasa miaka yote hiyo lugha ilikaa wapi? Haikuwa kwenye kitabu. Ilikaa wapi?

Ilikaa miguuni.

Wana ngoma yao isiyo na ngoma. Hakuna zeze, hakuna muheme, hakuna kinanda. Watu wanashikana mikono duara, hatua mbili kushoto, moja kulia, mbili kushoto, moja kulia, na mmoja anayeitwa skipari anaimba beti, wote wanaitikia, beti inafuata beti, wimbo mmoja unaweza kuwa na beti mia na zaidi, habari za wafalme na majoka na ndugu waliouana. Hakuna anayeshika karatasi. Mtoto anaingia kwenye duara hajui kitu, anashikwa mkono, anabebwa na hatua, baada ya miaka kichwa kimejaa. Lugha nzima imevuka hivyo, mkono kwa mkono.

Mimi niliingia. Tarehe 29 mwezi wa saba ni sikukuu yao kubwa, Ólavsøka, wanamkumbuka mfalme Olaf wa Norway aliyeuawa vitani 1030, ndo siku Bunge lao linafunguliwa pale Tórshavn, mji wao mkuu, na usiku wa manane mji mzima uko nje unaimba. Halafu duara linaanza. Kushoto kwangu mzee, kiganja chake kigumu kama gome la mbuyu, kulia kwangu binti wa miaka kama 12. Mimi sijui neno hata moja. Lakini ile miguu, zile mamia za miguu zinapiga chini pamoja, dum, dum, nikafumba macho nikasikia nindo, zile nyimbo za Wagogo. Nikasikia wazee wa Chamwino, zile sauti zinavyopandiana, mmoja anaanza juu wengine wanaingia chini yake. Nililia pale katikati ya watu, yule binti akanibana mkono.

Mnaona ninakokwenda? Hukwe Zawose, yule mwanamuziki, alikuwa Mgogo wa hapahapa, akazibeba zeze na ilimba, ile marimba ya vidole, akazizungusha duniani, huko nje watu walikaa kimya wakimsikiliza. Wasandawe jirani zetu wa Kwa Mtoro wana lugha yenye zile sauti za ulimi kupiga ndani ya mdomo, watu wanatoka nje ya nchi kuja kuisikia, na vijana wake wakija mjini wanaificha. Kwa nini uifiche? Bibi yako anaijua, anayo kichwani, siku akiondoka anaondoka nayo.

Sasa vijana mnaotembeza wageni, hili lenu. Msidhani wale wenzetu wamekaa tu wanasubiri watalii kwa hadithi. Mwaka 2016 mitaa yao haikuwa kwenye zile ramani za picha za Google, dada mmoja wa ofisi yao ya utalii, Durita Dahl Andreassen, akafunga kamera na kijisola mgongoni mwa kondoo, kondoo wanatembea milimani wanapiga picha, picha zinarushwa mtandaoni, dunia nzima ikacheka kwa furaha, mwisho Google wenyewe wakaleta kamera. Kondoo! Kitu walichonacho. Hawakusubiri kitu ambacho hawana.

Na wageni walipokuwa wengi mpaka njia za milimani zinageuka tope, Aprili 2019 wakafunga baadhi ya sehemu zao maarufu wikiendi moja, wakaandika tumefunga kwa matengenezo, ila ukija kufanya kazi karibu. Wakaja watu 100 kutoka nje, wakalala bure wakala bure, wakapanga mawe ya njia, wakasimika vibao. Siku hizi kwenye njia nyingine unamlipa mwenye ardhi kabla hujapita, na kuna wageni wanaonuna. Mimi sioni tatizo. Kondoo ni wake, nyasi ni zake, tope unamwachia yeye.

Kuna mtu aliniuliza nje kabla hatujaanza, mama, sisi tuna nini cha kumfanya mtu ashuke kwenye treni ya SGR alale Dodoma siku mbili? Mwanangu, michoro ya Kolo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Mawe zaidi ya 150 yana michoro. Na baadhi ya mapango yale hayajafa, watu wanakwenda mpaka leo kuomba mvua na kuombea wagonjwa.

Na hapa nikiri mbele yenu. Miaka yote mimi nilikuwa napandisha wageni, nasema hii rangi nyekundu, huyu ni pofu, huyu ni twiga, hawa ni watu wamesimama, haya tushuke. Kuna siku tuko kwenye pango la Mungomi, mgeni kaona dalili za tambiko akauliza, hapa nani anakuja? Nikamjibu ah, mila za zamani. Nikapita! Mila za zamani, na mimi shangazi yangu alikuwa mmoja wa wanaokuja. Nilimwonea aibu shangazi yangu mwenyewe mbele ya mtu aliyesafiri kutoka ng'ambo kuja kumsikia.

Nimerudi kutoka Faroe nimeenda kwa mzee mmoja pale kijijini, nikamwomba, shikamoo mzee, naomba siku moja kwa wiki tupande wote. Tumekubaliana na mgao wake. Hapandi haraka, anapumzika kila jiwe, na kila akipumzika anasimulia, mengine anasema hili sisemi, hili ni la wenyewe, na wageni wanaheshimu hilo kuliko yote. Zamani nilikuwa namaliza kwa saa mbili. Sasa hivi tunashuka jua linazama na hakuna mgeni aliyeangalia saa.

Sasa turudi kwa tembo wangu.

Tangu nimerudi nauliza. Nimeuliza Kikuyu, nimeuliza sokoni, nimeuliza kwenye daladala. Wengine wananiambia alikuwa tembo mdogo. Wengine wamenipa habari nyingine kabisa, kwamba hapakuwa na tembo, Wagogo walichukua ng'ombe wa Wahehe wakawala wakabakiza mikia, wakaichomeka kwenye tope, Wahehe walipokuja wakaonyeshwa mikia imesimama wakaambiwa ng'ombe wenu ndo hao, Idodomia! Mnacheka, wazee mnacheka, kumbe mnaijua! Mbona hamjawahi kutuambia? Ile nimemwandikia bibi, shemeji akamsomea, nimeambiwa amecheka mpaka kashika meza. Lakini akarudia palepale. Sawa, mikia nimeielewa. Na tembo?

Nimemwahidi nitamjibu kabla ya Krismasi, ana haraka kidogo kwa umri wake. Mimi nimemaliza ya kwangu. Kipaza sauti hicho hapo, naomba kishuke kwa watu. Na bibi pale nyuma karibu na nguzo, mwenye kitenge cha bluu, shikamoo bibi, tangu nilipomtaja tembo mara ya kwanza nakuona unatikisa kichwa unamnong'oneza mjukuu wako. Mpelekeeni.